Sura ya Sita: Mishipa, Miguu na Kumbukumbu

Je, kusahau uzeeni ni lazima, au kuna linaloweza kufanywa mapema? Swali hili huulizwa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Bunju, mara nyingi baada ya tukio linaloshtua: bibi aliyekwenda gengeni mtaa wa pili akashindwa kurudi nyumbani, au mzee aliyekuwa akikumbuka kodi ya wapangaji wake wote bila daftari, na sasa anamdai aliyekwisha kulipa. Majibu ya mtaani huwa mawili: ni uzee, au ni mkono wa mtu. La kwanza huifanya familia ikae kimya, la pili huifanya ianze kumtafuta mbaya wake. Yote mawili yanachelewesha msaada, na hakuna hata moja linalowaambia watoto na wajukuu wafanye nini wakati wao bado wana miaka 40 na kichwa kizima.

Sehemu kubwa ya ugonjwa wa kusahau hujengwa polepole, kwa miaka mingi, na mambo ya kila siku: presha isiyopimwa, mwili usiotembea, sukari, moshi, masikio yaliyoziba, ukimya wa nyumba. Katika mji kama Dar es Salaam, njia yake kuu hupita kwenye mishipa ya damu.

Kusahau kwa kawaida na ugonjwa wa kusahau

Kila mtu husahau. Mama anayesahau kutia chumvi kwenye maharage kwa sababu mtoto alikuwa akilia hana ugonjwa. Lakini mpishi wa shughuli aliyepika pilau kwa miaka 40, akafika siku moja mbele ya sufuria asijue kitangulie nini, kitunguu au mchele, huyo anahitaji kupelekwa hospitali. Mtu wa kwanza amepitiwa na jambo moja. Wa pili ameanza kupoteza kazi aliyoizoea.

Madaktari huiita hali hiyo dimensia. Neno hili si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo kumbukumbu, fikra, lugha na uamuzi hudhoofika kiasi cha kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa nayo mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu anakosea.

Aina mbili ndizo zinazohusika zaidi hapa. Ya kwanza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Ndani yake protini zisizotakiwa hujikusanya kwenye ubongo na seli hufa kidogo kidogo. Ya pili ni dimensia ya mishipa, inayotokea pale damu inaposhindwa kufika vizuri sehemu za ubongo. Mara nyingi mzee mmoja huwa nazo zote mbili.

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ndiyo iliyowapa Watanzania picha iliyo wazi zaidi. Watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini humo, walikuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4 kati yao. Kati ya wagonjwa hao, karibu wanne katika kila kumi walikuwa na dimensia ya mishipa. Hao ni wakulima wa mgombani, watu waliopanda na kushuka milima maisha yao yote.

Ubongo hula kwa mishipa

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya hewa ya oksijeni inayotumiwa na mwili. Hauna ghala la kuweka akiba. Chakula chake huletwa na damu kila sekunde, kupitia mishipa mikubwa ya shingoni inayogawanyika hadi kuwa vijishipa vyembamba kuliko unywele.

Presha, yaani shinikizo la damu lililopanda, hufanya kazi kama maji yanayosukumwa kwa nguvu mno kwenye mpira wa bustani. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baada ya miaka, mpira hukakamaa, hupata nyufa, na ncha zake nyembamba huziba. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba au kupasuka, mtu hupata kiharusi: mdomo unapinda, mkono unalegea, ndugu wanakimbia kutafuta gari. Vijishipa vidogo vikiziba, hakuna anayejua. Sehemu ndogo ya ubongo hufa kimyakimya, kisha nyingine, kisha nyingine. Miaka 15 baadaye familia inasema mzee amebadilika ghafla, kumbe mabadiliko yalianza alipokuwa bado anakwenda kazini.

Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti waliwafuatilia watu wa Hai na wa baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam ili kuhesabu viharusi vipya. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilionyesha viharusi kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilionyesha kama 316. Karibu mara tatu. Nchi ni moja, na wakazi wengi wa Dar wana asili ya vijijini kama vya Hai. Tofauti hiyo haiwezi kubebeshwa damu ya ukoo peke yake.

Presha yenyewe haina haya ya mahali. Utafiti wa miaka ya 1990 uliowapima watu wa Ilala na wa Hai ulikuta ugonjwa huu kwa karibu watu watatu katika kila kumi, mjini na kijijini sawia. Kilichotisha zaidi ni kwamba chini ya mmoja kati ya watano wenye presha alijua anayo, mmoja hivi kati ya kumi alikuwa akitibiwa, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, nao ulikuta presha kwa takriban robo yao.

Kwa nini watu huijua wakaiacha? Sababu moja inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haitokani na ujinga bali na mazoea mema yaliyowekwa mahali pasipo pake. Kwa vizazi vingi, ugonjwa mkubwa wa Pwani umekuwa malaria. Malaria huja na homa, hupewa dozi, dozi huisha, mtu hupona. Ndivyo watu walivyofunzwa, na wakafunzwa vizuri: maliza dozi. Mtu huyohuyo akiambiwa ana presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimaliza, akajiona mzima, huamini kazi imekwisha. Hakuna homa ya kumkumbusha. Presha haiumi. Kidonge chake hakimalizwi kama dozi ya malaria. Hutumiwa kama chumba kinavyolipiwa kodi: mwezi ukiisha, unaanza mwingine.

Namba za kukumbuka ni 140 kwa 90. Presha inayosoma hapo au juu yake kila inapopimwa inahitaji ushauri wa daktari, hata kama mwenyewe anajisikia mzima wa kubeba gunia. Faida ya kuishusha imepimwa. Nchini Marekani, watu zaidi ya 9,000 wenye presha, wa miaka 50 na kuendelea, waligawanywa makundi mawili, moja likishushwa presha kwa kiwango cha kawaida na jingine likishushwa zaidi, chini ya 120. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa kundi la pili lilipata upungufu wa awali wa kumbukumbu kwa kiwango cha chini, pungufu kwa asilimia 19.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye chakula. Sahani ya chipsi iliyonyunyiziwa chumvi mara mbili, kachumbari, ng'onda na supu ya asubuhi hufikisha kiasi hicho kabla ya jua la mchana. Kuondoa kikopo cha chumvi mezani hakugharimu kitu, na ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Kwa ufupi: presha ya miaka ya 40 na 50 huamua sana kumbukumbu ya miaka ya 70. Haionekani bila kupimwa, na dawa yake haina siku ya kumaliza.

Kutoka jembe hadi kiti cha daladala

Mtu akitoka kijijini akarudi likizo amenenepa, husifiwa: Dar imemkubali. Sifa hiyo ina upendo ndani yake, kwa sababu wembamba umekuwa alama ya njaa na maradhi kwa muda mrefu. Lakini mwili una hesabu yake.

Watafiti waliwahi kufanya jambo la busara. Waliwatafuta watu karibu 200 wa vijijini Morogoro waliokuwa wakijiandaa kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka, kisha wakawafuata mjini kwa mwaka mzima. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya kazi nzito za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja wa mji, walibaki chini ya watatu. Kwa wanawake kiwango kilishuka kutoka asilimia 38 hivi hadi 16. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2 kwa wanaume na kwa wanawake pia. Mji haukuleta mabaya tu: ulaji wa mboga na matunda ulipanda, na hilo ni la kusherehekea kwa mtu anayepita kwenye matunda ya Temeke Sterio kila siku. Hata hivyo miguu ilipumzika mno.

Misuli inapofanya kazi, moyo husukuma damu vizuri, sukari huondolewa kwenye damu, presha hushuka na usingizi hutulia, na ubongo hufaidika na yote hayo. Kipimo kinachotumika duniani ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaomfanya mtu ahemewe kidogo lakini aweze kuongea. Kushuka daladala au mwendokasi vituo viwili kabla ya nyumbani, siku tano kwa wiki, kwa wengi kunatosha. Klabu za jogging zinazojaza barabara za Temeke na Kinondoni alfajiri za mwishoni mwa wiki zimefanya kazi ambayo mabango ya afya hayajaiweza: zimegeuza mazoezi kuwa jambo la heshima, la sare na nyimbo. Wanaokosekana humo mara nyingi ni wanawake wa miaka 50 na zaidi, na hao ndio wanaozihitaji sana. Kwao, kutembea wawili watatu asubuhi kabla ya kufungua genge kunawezekana zaidi kuliko kukimbia.

Kisukari ni ndugu wa presha. Uchunguzi wa 2012 ulikikuta kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima waliopimwa, wakati katika miaka ya 1980 kilikuwa nadra nchini. Sukari nyingi kwenye damu huharibu mishipa ileile midogo. Vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha chai, vikombe vitatu kwa siku, na soda ya mchana juu yake: hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuulaumu wali.

Nje ya nchi kuna ulinganisho unaofundisha. Watafiti waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, watu wenye asili inayokaribiana. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa kila mwaka dimensia iliwapata asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan na asilimia 3.24 ya wale wa Indianapolis. Wazee wa Ibadan walikuwa na presha, kisukari na uzito wa chini zaidi. Mbagala na Tegeta za leo zinaondoka kwenye maisha ya Ibadan ya wakati ule zikielekea kule kwingine, na zinaondoka kwa kasi.

Ngumbaru na akiba ya ubongo

Kati ya mambo yote, elimu ya utotoni ni mojawapo ya yanayoukinga ubongo kwa nguvu. Kujifunza hujenga miunganiko mingi kati ya seli. Uharibifu ukija, ubongo wenye njia nyingi hupata pa kupitia, kama dereva anayezijua chochoro za Tandale hakwami barabara kubwa ikifungwa. Wataalamu huuita uwezo huo akiba ya ubongo.

Mwanamke wa Kitanzania mwenye miaka 70 leo alikuwa msichana mkubwa, pengine mama tayari, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1977. Wengi wa rika lake hawakuketi darasani utotoni. Lakini wengi wao walikwenda ngumbaru, madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jioni, baada ya shamba, wakajifunza kuandika majina yao. Kazi ile ilitazamwa kama ya siasa na maendeleo, nayo ilikuwa kazi ya afya pia.

Ukubwani akiba huendelea kuongezwa na kila kinachoutaka ubongo ujifunze kipya. Kuwa mweka hazina wa kikoba, kuhifadhi aya, kujifunza simu ya kupangusa kutoka kwa mjukuu, kushona mshono usiouzoea, kucheza bao na mpinzani anayekuzidi: vyote vimo. Kutazama tamthilia moja hadi nyingine hakumo.

Masikio, macho na upweke

Tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti mwaka 2024 ikiorodhesha mambo 14 yanayoweza kubadilishwa. Yaliyoongoza kwa uzito yalikuwa mawili, mafuta mabaya kwenye damu na kupungua kwa usikivu. La pili huwashangaza wengi. Asiyesikia vizuri hulazimika kutumia nguvu nyingi za ubongo kukisia maneno, kisha huchoka, huacha kuitikia, huacha kwenda barazani, na mwisho huketi peke yake ndani. Mafundi wa Keko wanaoshinda na randa za umeme, wachomeleaji, makondakta na wapiga muziki wa vigodoro huingia uzeeni masikio yakiwa yamechoka tayari. Vizuia kelele vya masikioni ni rahisi kuliko kifaa cha kusikia. Na kabla ya kusema mzee ni kiziwi, masikio yakaguliwe: mara nyingine ni nta tu.

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023 uliwapa wazee vifaa vya kusikia kwa miaka mitatu. Kwa washiriki wote kwa pamoja tofauti haikuonekana, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kasi ya kupungua kwa uwezo wa kufikiri ilishuka kwa karibu nusu.

Macho nayo yamo katika orodha. Mtoto wa jicho, ukungu unaofunika mboni uzeeni, huondolewa kwa upasuaji mfupi unaofanywa na hospitali kadhaa jijini, CCBRT ya Msasani ikiwa mojawapo.

Upweke una sura mpya pembezoni mwa jiji. Mzee aliyehamishiwa na watoto wake kwenye nyumba nzuri yenye geti huko Goba au Kigamboni hula vizuri, ana televisheni, na hana mtu wa kuzungumza naye tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku. Kule alikotoka alikuwa na kijiwe cha kahawa, msikiti au jumuiya, na ugomvi wa drafti. Watoto hufanya hivyo kwa mapenzi, na ndiyo maana inauma kuliandika: mzee huyo amepokonywa dawa. Kumtafutia mahali pa kwenda kila siku kuna thamani sawa na kumnunulia vidonge.

Mengine yenye hatari

Haya hayahitaji maelezo marefu:

– Sigara huharibu mishipa moja kwa moja. Kuacha kuna faida hata baada ya miaka 60.
– Pombe nyingi huua seli za ubongo, na gongo huongeza sumu isiyojulikana. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mazoea yake yalihamia kwenye chupa ndogo.
– Moshi wa mkaa, wa taka zinazochomwa uani na wa magari huingiza chembe ndogo zinazofika kwenye damu. Jiko la mkaa likae nje, au penye upepo.
– Kuumia kichwa, hasa kwenye bodaboda. Abiria avae kofia ngumu kama dereva wake.
– Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ambayo huongeza hatari na pia huweza kufanana na dimensia. Hutibika.

Tume ya Lancet ilikadiria kuwa mambo yote 14 kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Hesabu hiyo ni ya jamii nzima. Haimaanishi kwamba mtu mmoja akifanya yote amepona nusu, wala kwamba aliyepata ugonjwa alijitakia. Wapo waliotembea, waliokula mchicha na kupima presha kila mwezi, na bado wakaupata. Umri na urithi vina nafasi yao.

Kubadilisha jambo moja huwa na nguvu ndogo kuliko kubadilisha machache pamoja. Nchini Finland, wazee 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Nusu yao walisaidiwa kula vizuri, kufanya mazoezi, kuchangamsha akili na kudhibiti presha na sukari kwa wakati mmoja. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kufikiri kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida. Walioanza hawakuwa vijana.

Kwa aliyekwisha kuanza kusahau

Hatua ya kwanza ni hospitali, kwa sababu baadhi ya magonjwa yanayofanana na dimensia hutibika: upungufu wa homoni za tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, kaswende ya siku nyingi, sonona, hata mchanganyiko mbaya wa dawa. Mwananyamala na Temeke zote ni hospitali za rufaa za mkoa, na zinaweza kumwelekeza mgonjwa Muhimbili. Anayempeleka mzee aende na vidonge vyote anavyotumia vikiwa kwenye mfuko mmoja, na awe tayari kueleza mabadiliko yalianza lini, kwa sababu mwenyewe hatakumbuka.

Vipimo havihitaji kujua kusoma. Watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kifupi kinachowafaa wazee wasiopita shule. Mzee huulizwa maswali machache, hutajiwa maneno ya kukumbuka, na huombwa kupanga njiti za kiberiti zifanane na mpango alioonyeshwa. Njiti anazijua kila mtu, hata aliyekuwa hajawahi kushika kalamu.

Hukohuko Hai kulijaribiwa tiba isiyo ya vidonge. Wazee 34 wenye dimensia walikutanishwa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki saba, wakiongozwa kuzungumza, kuimba, kutambua vitu na kukumbuka mambo ya zamani. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi ukapungua. Nyumbani jambo hilo linaweza kufanywa na mjukuu: kumwomba bibi ataje majina ya samaki wa feri, amsaidie kuchambua mchele, aeleze harusi yake ilivyokuwa, bila kumkatiza na bila kumwambia kwamba hadithi hiyo ameshaisimulia jana.